Kati ya Lango na Kiti

Mradi wangu wa shahada ya uzamili ulianza na kelele za feni. Kila nilipowasha xv6, mfumo endeshi mdogo uliotengenezwa MIT mwaka 2006 kwa ajili ya kufundishia, laptopu yangu ilipata moto na betri ikaisha upesi, hata kama sikuwa nimeupa kazi yoyote. Tatizo lilikuwa hapohapo. Kiini cha xv6 kikikosa kazi hakipumziki. Kinazunguka kwenye orodha ya programu bila kukoma: kuna kazi? Kuna kazi?

Prosesa za x86 zina amri ya kupumzika, hlt: tulia mpaka ishara ikuamshe, iwe ya saa, ya kibodi au ya diski. Nikaiweka. Feni ikanyamaza. Nilimkumbuka baba, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa akisema mlinzi mzuri hulala macho, halali masikio. Lakini alifukuzwa kazi nikiwa darasa la tano, wezi walipobeba mabati. Mtaani walisema alisinzia. Nami niliamini.

Kisha nikataka zaidi, kama Linux ilivyofanya mwaka 2007: kuizima hata ile saa inayoigutua prosesa mara mia hivi kwa sekunde, wakati hakuna kazi. Hapo mashine ikaanza kuganda. Naandika amri, nabonyeza Enter, kimya. Nagusa kitufe kingine chochote, ndipo jibu linakuja.

Nilitafuta kosa wiki tatu. Kiini kilikuwa kinakagua orodha, kinaikuta tupu, kisha kinalala. Ishara ya diski ikifika katikati, baada ya kukagua na kabla ya kulala, kinaipokea, kinaiandika programu kwenye waliopo tayari, halafu kinarudi palepale kilipoachia na kulala, kazi ikiwa inasubiri. Kumbe saa ndiyo iliyokuwa ikilificha kosa hilo. Dawa yake ni kuzuia ishara wakati wa kukagua, kisha kuziruhusu na kulala kwa amri mbili zinazofuatana, sti na hlt. Prosesa imeundwa hivi kwamba ishara haipenyi kati ya hizo mbili.

Usiku ule nilimpigia baba.

"Shikamoo, baba. Ile siku ya mabati, ulikuwa umelala?"

Alikaa kimya kidogo. "Marahaba. Nilikagua lango, liko sawa. Nikaenda kukaa. Kutoka langoni mpaka kwenye kiti ni hatua arobaini, na mgongo wangu ulikuwa kwao."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niliwaambia, mwanangu. Hata wewe nilikuambia."

Sikumbuki. Nilimwomba radhi, naye akaniuliza kama nimekula.

Kiini changu sasa kinalala vizuri. Kwenye tasnifu, marekebisho yale yamechukua mistari minne.