Wimbi Halibebi Maji

Washairi wa Kiswahili tumelifungia wimbi baharini. Ukilikuta ndani ya shairi, huwa halikosi jahazi pembeni yake, na nahodha aliyechoka, na pwani isiyofikika. Hata istilahi za fani yetu zimelowa maji ya chumvi, kwani aina za mashairi tunaziita bahari. Mimi ni mtu wa Handeni, ambako maji ni ya kutafutwa kwa ndoo, na mtoto hulijua neno wimbi miaka mingi kabla hajaliona lenyewe. Kwa hiyo nina sababu ya kulidai wimbi lirudi nchi kavu, nako ndiko sehemu kubwa ya mawimbi ya dunia yaliko.

Madai haya yamechochewa na mpwa wangu anayesoma sekondari Korogwe. Alikuja likizo akiwa amehifadhi fasili ya wimbi kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kukwama. Nilipomtaka aniambie jambo hilo hilo kwa Kiswahili, alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko fasili yake: “Mjomba, kama maji hayaendi, basi kinachokwenda ni nini?” Kwa Wazigua mjomba ni mtu mzito. Hawezi kumjibu mpwa kwamba akamuulize mwalimu wake.

Tulichukua kamba ya katani, zao ambalo mtu wa Korogwe hahitaji kuelezwa, tukaifunga kwenye mwembe na katikati yake tukafunga kitambaa chekundu. Alipoitikisa ncha, nundu ilikimbia hadi kwenye mti. Kitambaa kilipanda, kikashuka, kikatulia palepale. Kilichosafiri ni nishati ya mkono wake. Kamba haikwenda kokote. Huo ndio wimbi mkingamo: mtikisiko umekingama na njia. Mwanga na mawimbi ya redio ni wa jamii hii, ila yenyewe hayahitaji kamba wala hewa ya kupitia, na ndiyo sababu jua linatufikia kupitia utupu. Bahari nayo hufanya karibu na hayo. Kule kilindini maji huzunguka na kurejea karibu na yalipokuwa, na ni pwani tu, wimbi linapovunjika, ndipo maji husukumwa kweli. Mshairi anayesema wimbi limemleta kutoka ng'ambo anastahili kuulizwa kama hakuletwa na upepo au mkondo.

Jamii ya pili inaonekana vizuri zaidi stesheni ya Korogwe. Treni za abiria za kwenda Moshi zilirejea njia hiyo mwaka 2019, baada ya ukimya wa zaidi ya miaka 20. Kichwa cha treni kinaporudi nyuma na kugusa behewa la kwanza, kishindo hupita behewa kwa behewa hadi la mwisho, ilhali kila behewa limesogea kidogo tu. Hapa mtikisiko na njia vinaelekea upande mmoja. Sauti ndivyo ilivyo: hewa hubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa, mita kama 340 kila sekunde. Ndani ya chuma cha reli hukimbia hadi mita 5,000 na zaidi. Nimesikia wimbi la namna hii likiitwa longitudo, neno ambalo kwa Mswahili ni mstari wa ramani na halimwonyeshi chochote. Mpwa wangu aliliita wimbi msukumano. Silioni kosa lake, nami nalitumia.

Lakini neno linalonikera hasa ni masafa. Tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni umbali. Watangazaji wa zamani waliposema masafa mafupi na masafa ya kati walimaanisha urefu wa wimbi, yaani umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kingine, na ndiyo maana walitaja mita: mita 31, mita 49. Hapo neno lilikaa mahali pake. Leo stesheni ya FM hujitangaza kuwa iko masafa ya 100, na hiyo ni hesabu ya megahezi: mawimbi milioni 100 yanayopita kwa sekunde moja. Neno moja limebebeshwa vitu viwili ambavyo kimoja kikipanda kingine hushuka. Urefu wa wimbi ukizidishwa kwa idadi hiyo ya kila sekunde hutoa mwendokasi, na kwa redio mwendokasi hautoki kwenye kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya, utapata kwamba wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3 tu. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa vyote viwili ni masafa atagawanya nini kwa nini?

Kinaya kilichomo ni kwamba masafa mafupi ndiyo yaliyosafiri mbali. Mawimbi yale yalipanda hadi tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini, na hivyo mzee wa Handeni aliisikiliza London na Cologne akiwa chini ya mwembe wake. FM, ambayo wimbi lake ni fupi zaidi ya hayo, huenda moja kwa moja kama mshale, na mlima wa Usambara ukisimama mbele yake hukoma.

Pendekezo langu ni kwamba masafa yaachiwe umbali. Urefu wa wimbi uitwe urefu wa wimbi, na ile idadi ya kila sekunde iitwe marudio, neno ambalo washairi tunalifahamu kwa undani. Katika utenzi, kina cha mishororo mitatu ya kwanza hubadilika kila ubeti, lakini kile cha mshororo wa nne hurejea kilekile hadi tamati. Hayo ni marudio mawili, la haraka limepanda juu ya la polepole, na sikio huyapokea yote pamoja. Mpwa wangu, ambaye mashairi humchosha, alilielewa hilo kabla sijamaliza kulisema.

Usiku ule palikuwa na ngoma kijiji cha pili, nyuma ya kilima. Usiku hewa ya karibu na ardhi hupoa upesi, na sauti iliyokuwa ikipanda hupindwa kurudi chini, hivyo ngoma ya mbali husikika kuliko mchana. Mdundo mzito wa marudio 100 kwa sekunde una wimbi la mita 3 na zaidi, nalo hukizunguka kilima bila taabu. Sauti kali zinazotofautisha neno na neno zina mawimbi ya sentimita chache, nazo hufifia njiani. Tulikaa uani tukiusikiliza mdundo. Mpwa alitaka kujua wanaimba nini, lakini kutoka pale tulipokaa maneno hayakufika.