Kosa la Kitufe Kimoja

Msomaji, mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kusahihisha makosa ya wengine. Leo nakusimulia kosa langu mwenyewe, maana huenda likakufaa.

Asubuhi moja hapa Moi's Bridge, malori ya mahindi yakiwa yamejipanga kuelekea maghalani, niliwasha kipakatalishi changu ili nichape mtihani. Neno langu la siri wakati ule lilikuwa milima. Nililiandika likakataliwa, nikalirudia mara mbili, likakataliwa vilevile. Jana yake mwanafunzi mmoja alikuwa amenisaidia kuchapa orodha ya majina kwa mashine hiyo. Pasipo kufikiri, nilimshutumu mbele ya darasa zima kwamba amelibadili neno langu.

Kijana hakubishana. Alisema kwa adabu, "Mwalimu, tafadhali andika tena, kisha ubonyeze ile alama ya jicho, tuone kinachoandikwa." Nilifanya hivyo. Pahali pa milima tuliona 05350a.

Sababu yake ni hii. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta iliyoitwa PC, kibodi yake ilikuwa na vitufe 83 tu. Kwa uchache huo, tarakimu za upande wa kulia na mishale ziligawana vitufe, na kitufe cha Num Lock kikawa mwamuzi wa zamu zao. Baadaye, katika vipakatalishi vingi vidogo, tarakimu zilipewa makao juu ya herufi. Kitufe hicho kikiwashwa, M huwa 0; J, K na L huwa 1, 2 na 3; U, I na O huwa 4, 5 na 6. Na kwa kuwa neno la siri huonekana kama nukta tupu, mwandishi hajui kinachoandikwa.

Nilikizima kitufe, na mlango ukafunguka. Kesho yake taabu ikarudi, kwa sababu mashine ilikuwa imeagizwa kukiwasha kila inapoamka. Kwa siku tano nilikizima kila asubuhi. Siku ya sita niliiwasha upya, nikabonyeza F2 papo hapo (mashine nyingine hutumia kitufe kingine), nikaingia katika mipangilio ya mwanzo. Nikautafuta mstari wa Num Lock, nikaagiza kizimwe, nikahifadhi. Tangu hapo kimetulia.

Lakini nilikuwa na deni jingine. Nilikuwa nimemwomba kijana yule radhi faraghani, naye alinisamehe. Hata hivyo wenzake waliendelea kumtazama kama mwizi. Nikatambua kwamba radhi ile ilikuwa sawa na kukizima kitufe kila asubuhi. Basi nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikasema, "Nilimshutumu mwenzenu hapa, na kosa lilikuwa langu."

Ulimi wangu ulikuwa mzito, msomaji. Lakini ufa huzibwa pale ulipoanzia.