Yerusalemu, Masisi na karatasi ya mzee

Goma, mtaa wa Ndosho. Ilikuwa saa moja ya jioni, umeme ulikuwa haujarudi, na redio ndogo ya betri ilikuwa imewekwa juu ya bidoni la maji katikati ya parseli. Familia nne za wahami wamepanga vyumba hapo. Katika habari za kimataifa, mtangazaji alisema kwamba huko Yerusalemu watu bado wanagombania nyumba za upande wa mashariki wa mji.

Mama aliyekuwa akipuliza makala aliinua kichwa. "Kumbe hata Yerusalemu kuna vita vya parseli?"

Watu walicheka. Mzee mmoja wa Masisi hakucheka.

Mzee huyo amepita miaka 70. Alikimbia kilima chake mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati vita vilipofika karibu na Sake, akalala katika hema pale Bulengo. Mwezi wa 2 mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji wa Goma, wahami waliamriwa kutoka makambini na kurudi kwao. Wengi walirudi. Yeye hakurudi, kwa sababu alikuwa amepigiwa simu akaambiwa kwamba shamba lake lina maharagwe ya watu wengine. Tangu siku hiyo anatembea na karatasi moja katika mfuko wa plastiki, chini ya shati lake.

Alimgeukia jirani yake, mwalimu wa historia aliyekimbia kutoka Rutshuru. "Mwalimu, Wayahudi wanasema mji ule ni wao kwa sababu gani? Kwa sababu ya Biblia peke yake?"

"Hapana, Papa. Wana mambo mawili mkononi. La kwanza ni kumbukumbu, la pili ni karatasi."

Kuhusu kumbukumbu, watu wa parseli walijua sehemu kubwa kutoka kanisani. Mfalme Daudi aliufanya Yerusalemu kuwa mji wake mkuu yapata miaka 1000 kabla ya Kristo, na mwana wake Sulemani akajenga Hekalu. Wababeli walilibomoa mwaka 586 kabla ya Kristo. Lilijengwa upya, na mwaka 70 baada ya Kristo Waroma wakalichoma. Baadaye, baada ya uasi uliozimwa mwaka 135, Waroma waliwakataza Wayahudi hata kuingia katika mji huo.

Mambo ambayo wengi hapo hawakuyajua ni yale yaliyofuata. Kwa miaka karibu 1900 Wayahudi walikaa Yemeni, Moroko, Polandi, Urusi na kwingineko, lakini kila walipoomba waligeuza uso kuelekea Yerusalemu. Kila mwaka, katika karamu ya Pasaka, waliagana kwamba mwaka ujao wakutane kule. Katika ndoa zao bwana arusi huvunja bilauri, ili hata siku ya furaha ikumbushe nyumba iliyobomolewa. Tena, si wote waliokuwa mbali. Wengine waliishi mjini humo chini ya Waislamu na Waturuki, na kufikia mwisho wa karne ya 19 Wayahudi walikuwa kundi kubwa kuliko mengine katika mji.

"Miaka 1900," alisema Mama wa makala. "Na sisi tuna miaka miwili tu, watoto wameanza kusahau njia ya kisima."

Ndipo Mwalimu akafika kwenye karatasi. Waingereza walipokuwa wakipigana na Waturuki, mwezi wa 11 mwaka 1917, waziri wao Balfour aliandika barua ya kuahidi makao ya taifa la Wayahudi katika Palestina, bila kuharibu haki za watu wengine waliokuwa wakiishi huko. Mwezi wa 7 mwaka 1922, Shirika la Mataifa liliwapa Waingereza kazi ya kutawala Palestina, na katika karatasi hiyo likatambua uhusiano wa kihistoria wa Wayahudi na nchi ile. Kwa wanasheria wengi wa Kiyahudi huo ndio msingi: haki yao haikuanzia vitani, iliandikwa na mataifa.

Karatasi hiyo ina ndugu yake karibu na Goma. Mwezi huohuo wa 7 mwaka 1922, Shirika lilelile la Mataifa liliwathibitishia Wabelgiji utawala wa Ruanda-Urundi. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikutana Brussels wakakubaliana mipaka ya eneo hili: Goma ikabaki Kongo, na Gisenyi, mwendo wa miguu tu, ikabaki upande wa Wajerumani. Watu wa Kivu hawakuitwa mezani. Wapalestina nao hawakuitwa ilipoandikwa barua ya Balfour.

Mzee aliuliza kama karatasi ile ilimaliza maneno. Haikuyamaliza. Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipendekeza nchi igawanywe, na Yerusalemu iwe chini ya usimamizi wa kimataifa, isiwe ya Wayahudi wala ya Waarabu. Viongozi wa Wayahudi waliukubali mpango huo, wa Waarabu wakaukataa, na vita vikafuata. Mwaka 1948 mji ulikatwa katikati. Upande wa mashariki, pamoja na mji wa kale, ulishikwa na Yordani, na Wayahudi waliokuwa wakiishi humo walifukuzwa. Upande wa magharibi ulishikwa na Israeli, na Waarabu wa mitaa kama Katamon na Talbiya walikimbia wakaacha nyumba zao. Mwezi wa 6 mwaka 1967, Israeli iliuteka upande wa mashariki. Mwaka 1980 ikapitisha sheria kwamba mji mzima ni makao yake makuu, na Baraza la Usalama likaikataa sheria hiyo kwa azimio namba 478.

Wanasheria wanaoitetea Israeli husema kwamba Yordani haikuwa mmiliki halali wa upande wa mashariki. Nchi chache sana ziliukubali utawala wake pale. Kwa hiyo, wanasema, Israeli haikumnyang'anya mwenye mali. Wanaopinga hujibu kwamba ardhi haipatikani kwa silaha, hata kama aliyetangulia naye aliishika kwa silaha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya mwezi wa 7 mwaka 2024, ilisema kwamba kuendelea kwa Israeli kukaa katika maeneo iliyoyateka mwaka 1967, pamoja na Yerusalemu ya mashariki, ni kinyume cha sheria.

Wapalestina nao wana kumbukumbu yao. Waislamu walifika mjini katika karne ya 7, na msikiti wa Al-Aqsa ni mahali pao pa tatu kwa utakatifu baada ya Maka na Madina. Wakristo wa Kiarabu wamesali katika makanisa ya mji huo kwa karne nyingi. Na ziko familia za Wapalestina ambazo mpaka leo zinatunza funguo za nyumba za mwaka 1948. Milango yenyewe haipo tena, au inafunguliwa na wengine.

"Wangewapa mahali pengine tu," alisema kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza chukudu lake. "Dunia ni kubwa."

Mwalimu alimwambia kwamba hilo lilijaribiwa, tena si mbali na hapa. Mwaka 1903 Waingereza waliwaahidi Wayahudi ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, pale ulipo leo mji wa Eldoret, Kenya. Wakati huo Wayahudi wa Urusi walikuwa wakiuawa. Mwezi wa 4 mwaka huohuo damu ilikuwa imemwagika katika mji wa Kishinev. Theodor Herzl alipeleka ahadi hiyo kwenye mkutano wao huko Basel. Mwenzake Max Nordau aliitetea akisema kwamba yangekuwa makao ya kulala usiku tu, siyo nyumba. Wajumbe 295 walikubali watumwe watu wa kwenda kuikagua ardhi hiyo, 178 walikataa. Kati ya waliokataa walikuwemo wajumbe wa Kishinev wenyewe. Mwaka 1905 mkutano uliofuata ulitupilia mbali jambo zima. Na katika maneno yote hayo, hakuna aliyewauliza Wanandi na Wamasai, wenye nyanda zile.

Wahami wa parseli ile walielewa bila kufafanuliwa. Hema la Bulengo lilikuwa makao ya kulala usiku. Hakuna aliyekubali kuliita kwao.

Lakini kilichomnyamazisha Mzee ni habari ya mtaa mmoja wa Yerusalemu ya mashariki, unaoitwa Sheikh Jarrah. Katika miaka ya 1870 Wayahudi walinunua kiwanja hapo, karibu na kaburi wanalolitukuza. Mwaka 1948 wakakimbia. Mwaka 1956 Yordani, ikisaidiana na Umoja wa Mataifa, ilijenga nyumba hapo ikawaweka familia 28 za Wapalestina. Familia hizo hazikuwa za wanyang'anyi. Zilikuwa za wakimbizi, waliopoteza nyumba zao Haifa, Jaffa na Yerusalemu ya magharibi.

Sheria ya Israeli ya mwaka 1970 inamruhusu Myahudi kudai mali iliyopotea katika upande wa mashariki mwaka 1948. Kwa hiyo familia kadhaa za Wapalestina zimetolewa katika nyumba hizo. Lakini sheria nyingine, ya mwaka 1950, inamzuia Mpalestina kudai nyumba aliyoiacha upande wa magharibi mwaka huohuo wa 1948. Mwezi wa 3 mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba familia nne zibaki kwanza, mpaka suala la mmiliki wa ardhi litakapokatwa.

"Yaani mmoja karatasi yake ya zamani inafungua mlango," alisema Mama, "na mwenzake ya kwake haifungui?"

"Ndiyo hivyo, Mama. Karatasi ya Myahudi wa Sheikh Jarrah si ya uongo, alinunua kweli. Ubaya ni kwamba mwingine naye alikuwa na nyumba, na yeye anaambiwa asahau."

Mzee aliingia chumbani kwake bila kuaga.

Kesho yake alimwita Mwalimu pembeni, akatoa ule mfuko wa plastiki. Karatasi ilikuwa ya mwaka 1998, yenye sahihi ya mkubwa wa kijiji na alama za vidole za mashahidi wawili. Alikuwa ametoa mbuzi na pombe, jinsi desturi inavyotaka. Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi, ametoka kilima kingine kilichochomwa katika vita vya mwaka 1993. Alipewa shamba ambalo wenyewe walikuwa wamelikimbia.

Waliopanda maharagwe leo ni watoto wa wale waliokimbia. Nao wana historia yao. Babu yao alikuwa miongoni mwa makumi ya maelfu ya watu ambao Wabelgiji waliwatoa Rwanda kuanzia mwaka 1937 wakawapeleka Masisi. Kwa wenyeji, mkoloni aligawa ardhi ambayo haikuwa yake. Kwa watoto wa huyo babu, wao wamezaliwa hapo na hawajui kwingine. Na juu ya wote ipo sheria ya Kongo ya mwaka 1973, inayosema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Sheria hiyo iliahidi kwamba agizo la rais lingepanga haki za wanaokaa kwenye ardhi ya desturi. Agizo hilo halikutoka. Ndiyo maana karatasi ya mwami au ya mkubwa wa kijiji ni nzito kilimani, na nyepesi mbele ya hakimu.

"Kwa hiyo mimi ni nani, Mwalimu?" aliuliza Mzee. "Mimi ni Myahudi au Mpalestina?"

Mwalimu hakumjibu hilo. Alimwambia tu kwamba sheria yoyote anayotaka imfungulie yeye, ajiulize kama anakubali imfungulie na mwenzake. Kisha akamshauri kama anavyowashauri wahami wote: apige picha karatasi yake na kuiacha kwa watu wawili anaowaamini, aandike mipaka ya shamba, na aandike majina ya majirani wanaoijua, wa pande zote, kwa sababu siku ya kusikilizwa hao ndio mashahidi.

Jioni hiyo mjukuu wake alileta daftari. Mzee alitaja kijito, jiwe kubwa, shamba la jirani wa chini, mikaratusi mitatu. Akataja kaburi la mke wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba chini ya mikaratusi liko kaburi jingine. Alilikuta hapo mwaka 1998. Kwa miaka 26 alilima akilizunguka.

"Ni la nani, Tate?"

"La bibi yao. Andika."

Siku tatu baadaye aliomba simu ya kijana wa chukudu, akapiga kilimani. Hakuuliza habari za shamba. Aliuliza kama kaburi la mke wake limelimwa. Aliyepokea alisema hapana, wameliacha. Kisha yule mtu naye akauliza jambo: mama yao alifariki akiwa mkimbizini, na alikuwa akisema daima kwamba mama yake alizikwa kwenye shamba lile, lakini wao hawajui ni wapi. Mzee anajua?

Mzee alimweleza: ukitoka kwenye jiwe, hatua kama 20 kuelekea mikaratusi, upande wa jua linapotoka.

Kadi ya simu iliisha wakati yule mtu akiwa bado anaulizia mawe yaliyowekwa juu yake. Kuhusu nani atavuna msimu ujao, hawajazungumza. Karatasi ya mwaka 1998 iko bado katika mfuko wake, chini ya shati, na daftari liko kwa Mwalimu.