Nywele Zilibaki Ulingoni: Mapambano ya Giulia ya Kurudia Kutazama

Kuna wanamieleka ukitaja jina lao, shabiki anaanza kukuhesabia mikanda. Giulia ukimtaja kwa mtu aliyemfuatilia tangu Japan, anakuuliza kitu kimoja tu: ile ya nywele uliiona?

Kwa wale waliomjua juzijuzi baada ya kutua Marekani, huyu dada kazaliwa London mwaka 1994, baba Muitaliano, mama Mjapani, akakulia Japan. Mieleka kaanza 2017 kwenye kampuni ya Ice Ribbon. Oktoba 2019 akaibuka ghafla Stardom, na uhamisho ule ulizua maneno kweli kweli. Mwanzoni mwa 2020 akaunda kundi lake, Donna del Mondo. Yaani mgeni hata hajamaliza mwaka, tayari ana watu wake na anaongea kama mwenye nyumba. Watu wa aina hiyo lazima wapate adui.

Adui akawa Tam Nakano. Tam alitokea kwenye ule muziki wa mabinti wanaoimba na kucheza kwenye vikumbi vidogo vya Tokyo, mdogo wa umbo, machozi karibu. Mwaka 2020 mwenzake wa timu, Arisa Hoshiki, alistaafu kwa majeraha na kuuacha mkanda mweupe wa Stardom bila mwenyewe. Tam akautaka kama urithi. Julai 26, 2020, ukumbi wa Korakuen, Giulia akamfunga na kuondoka nao. Ukitaka kuelewa yaliyofuata anzia hapo, usiruke.

Sasa tuje Machi 3, 2021. Stardom inatimiza miaka 10, ukumbi ni Nippon Budokan. Hapo siyo pa mchezo: palijengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, Beatles wakapiga hapo, na Muhammad Ali akapambana na Antonio Inoki hapo hapo 1976. Pambano la mwisho la usiku ni Giulia na Tam. Mkanda mweupe upo mezani, na nywele pia zipo mezani. Anayepigwa ananyolewa palepale.

Na kumbuka ilikuwa enzi ya corona. Watu wana barakoa na ni marufuku kupiga kelele, ni makofi tu. Ukiangalia video leo ule ukimya ndio unaotisha. Mtu anatupwa chini na unasikia mgongo ukigonga ulingo, halafu makofi, halafu kimya tena. Shangwe zingekuwepo pengine zingeficha nusu ya maumivu.

Tam akashinda. Giulia akakaa kwenye kiti, nywele ndefu zikaanza kuanguka, mashine ikapita, zikabaki fupi kama za mwanafunzi wa kiume aliyerudishwa nyumbani kunyoa.

Hapa huwa anatokea mjuaji mmoja: "Si mieleka ni maigizo tu?" Sawa, mshindi amepangwa. Lakini nywele hazikupangwa zirudi kesho asubuhi. Dada yeyote aliyewahi kukata nywele zake kwa hasira anajua ni miezi mingapi ya kujitazama kwenye kioo. Giulia alirudi ulingoni na kichwa hichohicho, mbele ya watu walewale, na badala ya kupotea akazidi kuwa mkubwa. Kabla ya hapo alikuwa mrembo mwenye kiburi. Baada ya hapo hata waliokuwa wanamchukia walianza kumheshimu.

Kwa Wajapani nywele zina historia yake. Agosti 28, 1985, kule Osaka, Chigusa Nagayo alishindwa na Dump Matsumoto, akanyolewa huku mabinti waliojaa ukumbini wakilia kama wamefiwa. Waliotazama ile tamthilia ya Netflix ya 2024, The Queen of Villains, wanajua tunaongelea nini. Tofauti ni kwamba Chigusa alikuwa kipenzi cha watu na ndiye aliyeonewa. Giulia siku ile hakuonewa na mtu, alikuwa amelipishwa deni lake.

Pambano la pili la kutafuta ni la Desemba 29, 2022, ukumbi wa Ryogoku. Huko ndiko nyumbani kwa sumo, na mwanamke haruhusiwi kukanyaga duara la sumo. Lile duara hushushwa chini ya sakafu, kisha juu yake unafungwa ulingo wa mieleka. Usiku ule Giulia alimkabili Syuri, mtu aliyekuwa naye Donna del Mondo kabla hajaenda kuanzisha kundi lake. Syuri ni fundi wa mateke na kukaba, na alikuwa ametimiza mwaka mzima akiwa na mkanda mwekundu, ule mkubwa kuliko yote pale Stardom. Giulia akauchukua. Kwa ufundi mtupu, hili linalishinda la Budokan. Ila ufundi haumtoi mtu machozi.

Na mkanda wenyewe haukukaa. Aprili 23, 2023, Yokohama Arena, nani kamvua? Tam tena!

Mwaka 2024 akaondoka Stardom na kuwa nyota wa kampuni mpya, Marigold. Mei 20, onyesho la kwanza kabisa, akavunjika kifundo cha mkono. Hilo nalo waje waseme ni maigizo. Julai 13 alikuwa amesharudi Ryogoku kupambana na Sareee kwa ajili ya mkanda wa kwanza wa dunia wa Marigold, akapoteza. Hazikuwa zimetimia hata miezi miwili. Tazama anavyoulinda ule mkono, halafu anausahau, halafu anaukumbuka.

Marekani tusikae sana, wengi mmeona. Januari 7, 2025 alimpiga Roxanne Perez akawa bingwa wa NXT, Machi akaupoteza kwa Stephanie Vaquer. Mapambano mazuri, ila mafupi, yamebanwa na ratiba ya televisheni. Giulia ni wa kupewa muda. Anahitaji dakika za kuchoka, maana akichoka ndipo sura ya kiburi inadondoka na unaona mtu.

Tam naye? Aprili 27, 2025, Yokohama Arena hiyohiyo, alipambana na Saya Kamitani kwa masharti kwamba anayepigwa anastaafu. Akapigwa, akaacha mieleka. Kwa hiyo Giulia na Tam hakuna tena. Zimebaki video, na mpangilio wa kuzitazama ni Korakuen, Budokan, kisha Yokohama. Ile ya Budokan weka simu mbali na vaa spika za masikioni, usikie ule ukimya.