Kando ya Jenereta
Nilifika ukumbini Sinza saa mbili usiku, kadi ya mwaliko mkononi, nikasimama kando ya jenereta hadi saa nne. Ndani, rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza alikuwa anaolewa. Mchango nilimaliza mapema. Kutuma pesa hakuhitaji uso. Nikapanda bodaboda, nikarudi nyumbani.

Mama anaita aibu. Mwanasaikolojia alinipa majina mawili: hofu ya kijamii na tatizo la haiba ya kujiepusha. Yote yaliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na wataalamu bado wanabishana kama ni ugonjwa mmoja au miwili. Baadhi yetu tunayo yote.

"Pale nje uliogopa nini?" aliniuliza.

Hofu naijua: jasho, sauti kukwama. Lakini usiku ule moyo haukwenda mbio. Nilikuwa nimetulia kabisa, nina hakika kwamba nikiingia nitaiharibu sherehe yake.

Asubuhi alinitumia ujumbe: "Nilikuwekea kiti." Huu mwezi wa tano, sijajibu.