Ea klina ya pikipiki na ujinga wangu wa 15,000

Leo siasa tuiweke pembeni. Nataka kuwasimulia jinsi kidude cha shilingi 15,000 kilivyoniulia injini ya pikipiki, na nilivyohangaika baadaye kuchagua kingine. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka 2021. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, yaani habari isipotoka na wewe huli. Miguu yangu ilikuwa pikipiki ya Kichina ya cc 125, niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Kila siku nilitoka nayo Mbagala kwenda mjini, na barabara ya Kilwa ilikuwa imefumuliwa kwa ujenzi wa njia za mabasi ya mwendokasi. Vumbi lile waliokuwa wanaishi kule wanalijua. Unafika mjini hata kope zimebadilika rangi.

Pikipiki ikaanza kuchoka. Kilima kidogo tu, inalia. Nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani, kutafuta ea klina mpya. Muuzaji akanionyesha ya koni: nyekundu, inang'aa, unaichomeka moja kwa moja kwenye kabureta na lile boksi la plastiki unalitupa. "Kaka, hii inavuta hewa nyingi, itatoka kama risasi," akaniambia. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali sikuuliza hata moja. Nikalipa.

Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Injini ilikuwa inanguruma, watu wanageuka. Nikadhani ile ndiyo nguvu. Kumbe boksi nililolitupa ndilo lililokuwa linapunguza sauti ya hewa inapovutwa. Nilichoongeza ni kelele. Tena nikiondoka kwenye foleni, pikipiki ilikuwa inakohoa kuliko mwanzo.

Baada ya miezi miwili ikaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Nikaipuuzia. Asubuhi moja nilikuwa nakwenda Kongowe kwa mama mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa inavunjwa siku hiyo kwa mgogoro wa kiwanja. Nilikuwa nimemwahidi kwamba saa mbili nitakuwepo na kamera. Pikipiki ikazimika njiani na haikuwaka tena. Nilifika saa sita, nikiwa nyuma ya daladala. Nyumba ilishalala. Mama amekaa juu ya godoro, sufuria zimepangwa pembeni. Akaniangalia, akasema, "Umekuja, mwanangu." Basi. Laiti angenitukana.

Kesho yake niliikokota kwa fundi mmoja mtu mzima, Temeke. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hii umeiua mwenyewe." Akaivua koni, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta, akanionyesha tope: mafuta na mchanga laini kama unga. Akafungua plagi, ilikuwa nyeupe. Akanieleza taratibu kama anavyomweleza mtoto. Hewa ikizidi na petroli ikabaki ile ile, injini inachemka na plagi inakuwa nyeupe. Ea klina ikiziba, hewa inapungua, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi na petroli inaliwa bure. Ukibadilisha kiasi cha hewa, lazima ubadilishe na jeti ya kabureta. Muuzaji wangu hilo hakulisema.

Nyumbani nikapiga hesabu. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kwa hiyo lita moja tu ya petroli inakwenda na karibu lita 9,000 za hewa, sawa na mapipa 45 ya lita 200. Hebu fikiria mapipa 45 ya hewa ya Mbagala yanapita kwenye koni iliyofumwa ovyo. Na mchanga una kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikiingia kati ya ringi na silinda inafanya kazi ya msasa.

Kuchonga bloku, pistoni mpya, ringi na ufundi vilinitoka shilingi 140,000. Safari hii nikauliza maswali.

Nilichojifunza ni kwamba chujio ziko za aina tatu. Ya karatasi inachuja vizuri sana, lakini haioshwi. Ikichafuka unaikung'uta au unaipuliza polepole kutokea ndani kwenda nje, halafu siku zake zikifika unaitupa. Ya sponji inaoshwa na kurudiwa, ila lazima ipakwe mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo yanayonasa vumbi. Sponji kavu inapitisha mengi. Ya tatu ni ya pamba yenye mafuta, kama zile za K&N ya Marekani. Inaoshwa na inadumu miaka, lakini bei yake si ya mwandishi wa kujitegemea, na Kariakoo utauziwa nyekundu yoyote ukiamini ndiyo hiyo.

Nikatafuta boksi la zamani kwa wauza spea za mtumba, nikachukua sponji iliyokatwa kwa kipimo chake. Kabla ya kulipa niliinua juu ya taa kuangalia matundu, nikabonyeza kingo kuona kama zinakaa sawasawa. Pembeni kukiwa na mwanya, hewa itapita hapo hapo na chujio halitakuwa na kazi. Kila baada ya wiki mbili naifua kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, naianika kivulini, naipaka mafuta na kuikamua. Inachukua nusu saa, bila kuhesabu kukauka. Pikipiki haingurumi tena. Inakwenda tu.

Habari ya yule mama niliiandika, ikatoka siku tatu baadaye, aya nne, bila picha ya tingatinga. Hadi leo nikiifua ile sponji, maji yanapobadilika kuwa mekundu kwa vumbi, namkumbuka amekaa juu ya godoro lake.

Haya, kabla hujalala kaifungue ya kwako uitazame. Mpaka siku nyingine.