Printa ya Laki Moja na Themanini

Ndugu mtahiniwa, kabla hujaendelea, chukua kalamu na karatasi ya kufanyia hesabu. Utavihitaji mbele kidogo. Mimi nilivihitaji siku moja ya Jumamosi na sikuwa navyo, nikiwa nimesimama ndani ya duka la vifaa vya ofisi mjini Morogoro, fedha ya dada yangu mfukoni.

Mimi ni Mluguru, mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi, na naishi Bigwa, pale mlima unapoanzia. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mambo ya mpwa yakija, mjomba hana pa kujificha. Ndiyo maana dada yangu wa Nyandira, kule juu Mgeta, alipomleta binti yake akae kwangu amalizie kidato cha nne, hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwezi wa pili dada akauza karoti, akanitumia shilingi 180,000 kwa simu. Ujumbe wake ulikuwa na maneno matatu: "Za mitihani yake."

Alimaanisha mitihani ya miaka iliyopita. Mpwa wangu alikuwa nayo kama mafaili ndani ya simu yangu, anaisoma usiku huku amekodoa macho kwenye kioo kisichozidi kiganja. Swali la ramani katika Jiografia huwezi kulifanya hivyo. Unavuta picha, unapoteza kipimio. Unarudisha, huoni namba. Alihitaji karatasi.

Steshenari ya jirani ilikuwa inachapa ukurasa kwa shilingi 200, na kutoa kopi kwa shilingi 100. Nilikuwa naelekea huko. Lakini kwenye kioo cha lile duka kulikuwa na printa nyeupe, ndogo, nzuri, yenye kibandiko: inachapa, inatoa kopi, inaskani, na haihitaji waya. Bei: 180,000. Shilingi zile zile, bila kupungua wala kuzidi. Muuzaji aliniambia, "Mwalimu, ukishaichukua hii, steshenari umeiaga." Nikaona kama bahati imenisubiri pale mlangoni. Sikuuliza bei ya wino.

Jioni hiyo nyumbani ilikuwa sikukuu. Kwanza ilikataa kuiona simu yangu. Tulihangaika saa nzima mpaka mpwa wangu akagundua kwamba simu ilikuwa inarusha waifai ya masafa ya gigahezi 5, na printa nyingi za bei ndogo husikia ile ya 2.4 tu. Akabadilisha, ikaitika. Hapo nikajifunza jambo ambalo watu wengi hulichanganya: kuchapa kwa waifai hakuli bando. Simu na printa zinazungumza zenyewe kwa mawimbi ya redio ndani ya chumba, wala hazitoki nje kwenda kwenye intaneti. Kilichokula bando langu ni ile programu ya kuiendesha, ambayo lazima uipakue kwanza.

Ikachapa. Herufi zilikuwa safi kuliko za steshenari, nakiri. Skana nayo ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea: mpwa wangu aliskani daftari la mwenzake la Baiolojia, michoro yote, na hilo halikutumia hata tone la wino. Kama ningekuwa naandika tathmini siku ile, ningeipa alama A na kukuambia ukanunue.

Katriji zilizokuja ndani ya boksi ziliisha kabla hatujamaliza somo la pili. Mashine nyingi za namna hii huja na katriji za kuanzia, zisizojazwa sawa na zile za dukani. Nikaenda kununua nyeusi: shilingi 45,000. Kwenye boksi lake wameandika kurasa 120. Mpwa wangu, ambaye ana tabia ya kuandika kila kitu, alihesabu kurasa 87, kisha herufi zikaanza kufifia.

Mtengenezaji hakudanganya, na nitakueleza kwa nini, kwa kuwa Fizikia yake ni nzuri. Idadi ile hupatikana kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 24711: wanachapa kurasa maalumu za majaribio, mfululizo, mpaka wino uishe. Sisi hatuchapi mfululizo. Tunachapa kurasa sita Jumatatu, tunazima, tunarudi Ijumaa. Sasa, ndani ya katriji kuna matundu membamba kuliko unywele. Nyuma ya kila tundu kuna kipinga umeme kidogo mno. Umeme ukipita kinapata joto kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde, wino unachemka, povu linasukuma tone nje. Inasimuliwa kwamba Ichiro Endo wa kampuni ya Canon alilipata wazo hilo mwaka 1977, pasi ya kulehemu ya moto ilipogusa sindano yenye wino, na wino ukaruka. Mashine za Epson hazitumii joto; zina fuwele inayojikunja umeme ukiigusa, na kujikunja huko ndiko kunakosukuma tone. Kwa vyovyote vile, maji ya wino huvukiza kwenye matundu na kuacha ugando, kama uji ulioachwa kwenye sufuria. Kwa hiyo unapoiwasha, mashine hujisafisha kwanza kwa kutema wino. Wino huo umeulipia, na hautauona kwenye karatasi. Umeme ukikatika katikati ya kazi ni vibaya zaidi, kwa sababu kichwa cha kuchapia hubaki wazi badala ya kurudi mahali pake pa kufunikwa.

Fedha ya katriji ya pili sikuwa nayo. Fundi mmoja karibu na Soko Kuu alinijazia ile ya zamani kwa bomba la sindano kwa shilingi 10,000. Mara ya kwanza ilifanya kazi. Mara ya pili ikatoa mistari myeupe katikati ya maneno, na somo la Uraia likawa fumbo. Ndipo nilipofanya ujanja: niliiambia mashine itumie katriji ya rangi peke yake. Ikachanganya samawati, waridi na njano, ikapata weusi fulani wa kijivujivu. Tukachapa Kemia yote na nusu ya Historia kwa weusi huo, mpwa wangu akafunga karatasi kwenye mfuko wa kitambaa na kwenda likizo fupi kwa mama yake.

Ilikuwa mwezi wa nne, katikati ya masika. Kama umewahi kupanda kutoka Sangasanga kwenda Mgeta masika, unaijua ile barabara. Gari lilikwama, abiria wakashuka kusukuma, mvua ikanyesha. Alifika Nyandira usiku na mfuko uliolowa. Aliponipigia simu hakulia, aliniambia tu, "Mjomba, Kemia imeondoka." Karatasi zilikuwepo, maneno ndiyo yaliyotoka.

Hapa umo Ukemia wako wa kidato cha kwanza. Katika printa nyingi wino mweusi hutengenezwa kwa chembe zisizoyeyuka majini. Zinakaa juu ya karatasi na zikishakauka zinavumilia. Wino wa rangi mara nyingi ni rangi iliyoyeyushwa, na kilichoyeyuka kwenye maji kitayafuata maji. Lakini kopi chache alizotolea steshenari, zilizokuwa mfuko ule ule, zilikunjamana tu; zinasomeka mpaka leo. Mashine ya kopi haitumii wino wa maji. Inatumia unga unaoyeyushwa kwa joto na kushika karatasi.

Aliporudi, tukakaa mezani. Mimi mwalimu wa Hisabati, nimekaa. Yeye ndiye aliyeshika kalamu. Sasa shika na yako.

Rimu ya karatasi ni shilingi 13,000, karatasi 500, basi kila karatasi ni shilingi 26. Katriji ni 45,000 kwa kurasa 120. Tukaikubali namba ya kwenye boksi ili tusiionee mashine. Hiyo ni shilingi 375 kwa ukurasa. Jumla 401. Steshenari ni 200. Mpwa wangu akaandika:

Steshenari: y = 200x
Nyumbani: y = 401x + 180,000

Akataka kujua ni baada ya kurasa ngapi printa itakuwa imerudisha fedha yake, yaani mistari miwili itakutana wapi. Fanya mwenyewe kabla hujasoma sentensi inayofuata. Jibu ni hasi 895 na nusu. Alinisogezea daftari kimyakimya. Mistari inakutana, ndiyo, ila upande wa kushoto wa sifuri. Printa yetu ingerudisha fedha kama tungekuwa tumefuta kurasa mia tisa hivi badala ya kuzichapa. Huku kuliani, ambako watu wanaishi, kila ukurasa ulikuwa unaongeza hasara ya shilingi 201.

Biashara hii unaijua. King'amuzi unakipata kwa bei ndogo, kisha kila mwezi unalipia kifurushi. Mashine ni king'amuzi. Wino ni kifurushi.

Zipo printa za aina nyingine, zenye matangi ambayo unayajaza kwa chupa. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, nchi ambako watu walikuwa wameshazoea kujitobolea katriji na kuzijazia wenyewe, na baadaye Canon na HP wakafuata. Niliiulizia moja: shilingi 520,000. Chupa ya wino mweusi 35,000, kurasa 4,500 kwa maelezo yao. Hapo wino ni kama shilingi 8 kwa ukurasa. Ukiongeza karatasi unapata 34. Mstari huu unakutana na ule wa steshenari upande unaofaa, kwenye ukurasa wa 3,133. Ni mashine ya haki, kwa mtu mwenye kurasa 3,133. Mpwa wangu alikuwa na masomo tisa, mitihani ya miaka kumi, na tukakadiria kurasa nane kwa kila mtihani: kurasa 720. Kwa steshenari ni shilingi 144,000. Yaani fedha ya karoti ingetosha tangu siku ya kwanza, na chenji ya 36,000 ikabaki.

Nikasema, basi tuwakusanye watahiniwa watano, wafike kurasa 3,600, tununue ya matangi. Nilijiona nimeokoa jahazi. Gharama yote ingekuwa 642,400, wakati steshenari ingewadai 720,000. Yeye akatikisa kichwa. "Mjomba, kwani lazima tuchape mara tano? Tuchape seti moja, zile nne tukatoe kopi." Seti moja 144,000, kopi za seti nne 288,000, jumla 432,000. Shilingi 86,400 kwa kila mmoja. Na hazitoki kwa maji.

Ndivyo walivyofanya, yeye na wenzake wanne wa darasani. Mgawo wake niliulipa mimi, na ile 180,000 nilimrudishia dada kwa mishahara mitatu. Nilimpigia simu kumweleza. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo karoti zangu zimekunywewa na mashine." Hakucheka, nami sikumpa sababu ya kucheka.

Huenda siku moja utanunua printa, na sisemi usinunue. Muulize muuzaji bei ya wino kabla ya bei ya mashine, na kama wino huo unapatikana mjini kwako au mpaka uagize Dar es Salaam. Muulize kama inaskani hata wino ukiwa umeisha, maana nyingine hugoma kila kitu. Halafu rudi nyumbani uhesabu kurasa zako. Usihesabu za ndoto. Sisi wakati mashine ilipokuwa mpya tulichapa kwa furaha sana, na nilipokagua lile rundo la kwanza mwezi wa tano, nusu yake haikuwa na alama ya kalamu hata moja. Zile za kopi, alizochangia fedha na wenzake na kuzigombania zamu ya kusahihishana, zilichakaa kwa kushikwa.

Mtihani alifanya mwezi wa kumi na moja. Hisabati alipata B, na sina cha kujivunia humo.

Printa bado ipo, juu ya kabati, imefunikwa khanga. Mwishowe nilinunua katriji nyingine nyeusi, kwa fedha yangu, na kila Jumapili jioni naiwasha nichape ukurasa mmoja ili matundu yasikauke. Kwa kuwa ukurasa ni shilingi 401, sipendi upotee bure; naandika swali moja la Hisabati na kulibandika mlangoni, watoto wa jirani walifanye. Juma lililopita nililiweka lile la mistari miwili. Jumatatu jioni kijana mmoja wa kidato cha nne alikuja na daftari lake, ananitazama kwa wasiwasi. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Jibu langu limetoka na alama ya kutoa. Nadhani ulikosea kunakili swali."

Nikamwambia sikukosea kunakili.